Katiba ya 1977 haikupigiwa kura na wananchi. Je, ni batili?

SWALI: "Mimi ni mkulima wa mpunga na mfanyabiashara mdogo wa mchele, mkoa wa Mbeya. Ndugu wa marehemu baba wamenishtaki Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya wakidai shamba aliloniachia. Samansi nimeshapokea. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna kaka mmoja msemaji sana. Ametuma sauti ndefu akisema Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 iliandikwa na watu 20 wa chama kimoja, haikupigiwa kura na mwananchi hata mmoja, kwa hiyo ni batili, na sheria zote zilizo chini yake ni batili, mabaraza na kodi humo humo. Ananishauri nisiende, wakinifuata niwaambie wanionyeshe kura yangu. Mpwa wangu anayesoma sheria anasema huo ni upuuzi, ila nilipomuuliza basi nani aliyeipitisha Katiba, akababaika. Naomba kuelezwa: ni kweli hatukuulizwa? Nani aliiandika, nani aliipitisha? Na kama hatukuulizwa, inanibanaje? Mbona Wakenya walipiga kura?"

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa msiba wa baba na kwa mzozo ulioufuata. Nianze na lenye haraka: siku iliyoandikwa kwenye samansi, nenda. Fika mapema, na makaratasi yako mkononi. Usipoonekana bila sababu, baraza linaweza kusikiliza upande mmoja na kutoa uamuzi, na hao ndugu wa baba watarudi kijijini na karatasi yenye muhuri. Unaweza kuomba uamuzi wa namna hiyo utenguliwe, lakini utatakiwa kueleza kwa nini hukufika, na simwoni mwenyekiti wa baraza atakayepokea jibu la "nilikuwa nasubiri nionyeshwe kura yangu ya mwaka 1977".

Ukishalishika hilo, tuongee kwa utulivu, maana swali lako ni zuri na mpwa wako hana sababu ya kuona aibu. Wapo wenye majoho wanaobabaika hapo hapo.

Maneno ya kaka yako wa WhatsApp yana nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli tupu. Kura ya maoni haikupigwa. Rasimu ilitoka kwa watu 20. Wote walikuwa wa chama kimoja, kwa kuwa kingine hakikuruhusiwa. Hapo hajadanganya. Anapopotea ni pale anaporuka kutoka "hatukuulizwa" hadi "haitubani", kana kwamba la pili linazaliwa na la kwanza lenyewe. Hayo ni maswali mawili tofauti. Kama Katiba ni sheria inayotumika, hilo lina jibu mahakamani. Kama ilipata ridhaa ya wananchi kama inavyostahili, hilo ni la siasa na dhamiri, na mjadala wake haujafungwa. Mtu akiyachanganya anaweza kupoteza shamba akidhani anatetea demokrasia.

Ili uone Katiba hii ilivyopatikana, lazima turudi nyuma ya 1977, kwa sababu mtindo uliotumika mwaka ule ulikuwa umeshazoeleka.

Katiba ya kwanza ya Tanganyika huru, kwa hesabu ya kisheria, ilikuwa karatasi ya Waingereza. Machi 1961 ulifanyika mkutano wa katiba Dar es Salaam. Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuja mwenyewe akakaa na Nyerere na wenzake, na mambo makubwa yakaafikiwa kwa muda mfupi mno. Walichokubaliana kilikwenda London na kurudi kikiwa nyongeza ya Amri ya Malkia. Hatukupiga kura. Hata sura ya haki za binadamu haikuwekwa. Serikali ya TANU haikuitaka, ikihofia kwamba mahakama ingeifunga mikono katika kazi ya kujenga nchi.

Mwaka uliofuata Tanganyika ilitaka kuwa jamhuri, na hapa ndipo mtindo ulipoanza. Serikali ilichapisha mapendekezo yake, kisha Bunge likatunga sheria ya kujigeuza kuwa Bunge la Katiba. Wabunge wale wale, viti vile vile, kofia nyingine. Wakapitisha Katiba ya Jamhuri, nayo ikaanza kutumika tarehe 9 Desemba 1962. Wazee wengine watakuambia "mbona tulipiga kura mwaka 1962?" Ni kweli, walipiga: Novemba mwaka ule Nyerere alishindana na Zuberi Mtemvu wa African National Congress, akapata kama asilimia 98. Lakini wapigakura waliulizwa nani awe rais. Hawakuulizwa rais awe na madaraka gani.

Kisha ukaja Muungano, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ahadi ilipotolewa.

Hati za Muungano zilitiwa saini Zanzibar na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili 1964, siku mia moja na kidogo baada ya Mapinduzi. Aliyeziandika ni Roland Brown, Mwingereza aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Tanganyika. Jumamosi tarehe 25 Bunge la Tanganyika likaziridhia kwa Sheria Na. 22 ya 1964, na Jumapili tarehe 26 nchi ikawa moja. Kama Baraza la Mapinduzi kwa upande wa Zanzibar nalo liliziridhia kwa utaratibu uliotakiwa, wanasheria wanabishana hadi leo. Picha ya Mwalimu akichanganya udongo kila mtu anaijua. Hati zenyewe waliozisoma ni wachache, ingawa ni kurasa za kusomeka kwa kikao kimoja cha chai.

Wangezisoma wangekuta jambo linalokuhusu. Hati zilisema kwamba kwa kuanzia itatumika Katiba ya Tanganyika iliyorekebishwa, na kwamba ndani ya mwaka mmoja Rais, akiafikiana na Makamu wake ambaye ndiye mkuu wa serikali ya Zanzibar, atateua tume ya kupendekeza katiba na ataitisha Bunge Maalum litakalokuwa na wawakilishi wa Tanganyika na wa Zanzibar ili liijadili na kuipitisha. Mwaka mmoja! Wenyewe waliona kwamba katiba ya nchi mpya inahitaji kikao chake.

Mwaka haukutosha. Machi 1965 ikatungwa sheria ya kuahirisha zoezi hilo hadi wakati utakapofaa. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha Katiba ya Muda, Sheria Na. 43 ya 1965, iliyofanya nchi kuwa ya chama kimoja: TANU Bara, ASP (Afro-Shirazi) Visiwani. Katiba ya TANU yenyewe iliambatanishwa nayo kama nyongeza. Bunge Maalum halikuitwa. Na huo "muda" ulidumu, ukijumlisha tangu Muungano, miaka 13. Humo humo orodha ya mambo ya Muungano iliyoanza na mambo 11 ikaendelea kurefuka, hadi leo ni 22, jambo ambalo Wazanzibari hawajaacha kulikumbusha.

Sasa tufike 1977. Tarehe 5 Februari TANU na ASP ziliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Kuandaa muungano huo wa vyama kulikuwa na kamati ya watu 20, 10 kutoka kila chama, mwenyekiti wake Sheikh Thabit Kombo na katibu wake Pius Msekwa. Ndiyo iliyoandika katiba ya CCM. Mwezi Machi Rais Nyerere akaiteua kamati hiyo hiyo kuwa tume ya kupendekeza katiba ya nchi. Watu wale wale waliotoka kuandika katiba ya chama wakakaa kuandika ya Jamhuri. Mapendekezo yakapita kwanza kwenye Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, yakageuzwa muswada, na tarehe 25 Aprili 1977 Bunge, likiwa limevaa kofia ya Bunge Maalum, likaupitisha. Hesabu mwenyewe: tangu tume iteuliwe hadi Katiba ipitishwe haikufika hata miezi miwili. Wananchi hawakutembelewa kukusanyiwa maoni. Wabunge kutoka Zanzibar waliokaa kwenye kikao kile hawakuwa wamechaguliwa na wapigakura majimboni. Walikuwa wa kuteuliwa.

Usishangae sana. Ilikuwa enzi ya Chama kushika hatamu. Tangu 1975 sheria ilikuwa imeshatamka wazi kwamba Chama ndicho chenye kauli ya mwisho. Kwa mantiki ya wakati ule, Chama kikishaamua, wananchi wameamua. Mimi siikubali mantiki hiyo, ila ukisoma kumbukumbu za zama zile bila kuielewa utadhani kulikuwa na njama ya usiku. Ilifanyika mchana, na waliofanya waliona ni sawa.

Kama una nakala ya Katiba, fungua ukurasa wa mwanzo, penye utangulizi. Unaanza kwa sauti kubwa: "Kwa kuwa sisi, wananchi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, tumeamua rasmi na kwa dhati kujenga katika nchi yetu jamii inayozingatia misingi ya uhuru, haki, udugu na amani." Hapo utadhani wananchi ndio walioshika kalamu. Shuka hadi chini, penye maneno "kwa hiyo, basi". Utakuta kwamba Katiba hii imetungwa na Bunge Maalum "kwa niaba ya Wananchi". Kwa hiyo kaka yako hakufichua siri yoyote. Katiba yenyewe imekiri katika ukurasa wa kwanza kwamba wananchi waliwakilishwa, na haikudai kwamba walipiga kura.

Je, kuwakilishwa kunatosha kisheria? Hapa ndipo mpwa wako alipohitaji msaada.

Kila sheria huchukua nguvu yake kutoka sheria iliyo juu yake. Sheria ndogo za halmashauri zinatokana na sheria ya Bunge. Sheria ya Bunge inatokana na Katiba. Ukiuliza Katiba nayo inatokana na nini, unakanyaga mahali ambapo ngazi imekwisha. Unaweza kurudi nyuma: 1977 ikasimama juu ya 1965, 1965 juu ya 1964, 1964 juu ya 1962, 1962 juu ya Amri ya Malkia. Mwisho wa safari unamkuta Malkia wa Uingereza, ambaye naye hakupigiwa kura na mtu Mbeya. Ndiyo maana mahakama, zikibanwa, haziulizi kama wananchi walipiga kura. Zinauliza kama mfumo huu ndio unaofanya kazi: serikali inatawala chini yake, uchaguzi unafanyika chini yake, majaji wanaapa kwake, watu kwa ujumla wanaufuata.

Mfano wa karibu uko Uganda. Aprili 1966 Milton Obote aliifuta katiba ya uhuru na kuleta nyingine. Wabunge waliikuta nakala kwenye visanduku vyao vya barua na wakaipitisha siku hiyo hiyo bila kuisoma. Baadaye Michael Matovu, chifu wa Buddu aliyekuwa kizuizini, alipeleka shauri mahakamani kutaka kuachiwa. Ikabidi majaji, wakiongozwa na Jaji Mkuu Udo Udoma, waamue kwanza kama katiba ile ni katiba. Mwaka 1967 wakasema ndiyo: mapinduzi ya kisheria yamefanikiwa, mfumo mpya umeshika, basi ndio sheria. Uamuzi huo umelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki, kwani unampa zawadi aliyetumia nguvu akafanikiwa. Lakini sasa utaona: kama katiba ya visanduku vya barua ilisimama mahakamani, hii yetu, iliyopitia Bunge Maalum lililotajwa tangu kwenye Hati za Muungano, ikatumika miongo kwa miongo, haitaangushwa na sauti ya WhatsApp.

Na usidhani ni ugonjwa wa Afrika. Katiba ya India, ambayo wengi wanaihusudu, ilipitishwa na Bunge la Katiba mwaka 1949 bila kura ya maoni. Ya Marekani ndiyo ya kuchekesha zaidi. Mwaka 1787 wajumbe waliotumwa Philadelphia kurekebisha mkataba wa zamani wa majimbo walifunga milango wakaandika katiba mpya kabisa. Mkataba ule ulitaka majimbo yote 13 yakubali ndipo ubadilishwe; wao wakaandika kwamba 9 yanatosha. Kwa sheria ya wakati ule, walivunja utaratibu. Iliridhiwa na mikutano ya wajumbe jimbo kwa jimbo, tena wakichaguliwa bila wanawake wala watumwa kupiga kura. Jimbo pekee lililowauliza wapigakura wake moja kwa moja lilikuwa Rhode Island, mwaka 1788, nao wakaikataa kwa kishindo. Rhode Island iliingia 1790 kwa mkutano wa wajumbe, kura 34 kwa 32. Leo hakuna anayekwenda mahakamani kule kusema Katiba ni batili kwa sababu hiyo.

Kuhusu Wakenya: walipiga kura, ila si kwa katiba ya kuzaliwa taifa lao. Hiyo ilijadiliwa London, Lancaster House, kwa awamu tatu: 1960, 1962 na 1963. Wajumbe wa Kiafrika walimleta Thurgood Marshall, mwanasheria Mmarekani mweusi ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi yake, awashauri. Akaandika rasimu ya haki za binadamu. Chama cha KADU cha Ronald Ngala kikapigania majimbo, KANU ya Kenyatta ikataka serikali moja yenye nguvu. Mwishowe ikatolewa na London kama amri, sawa na ya kwetu. Kisha Bunge la Kenya likaanza kuibomoa: KADU ilijivunja Novemba 1964, majimbo yakafa, na kufikia 1966 hata Seneti ilikuwa imeondolewa. Hapo hapakuwa na mwananchi aliyeulizwa. Kura ilikuja baada ya miongo minne. Mwaka 2005 waliletewa rasimu wakaikataa. Tarehe 4 Agosti 2010 wakaletewa nyingine wakaikubali kwa karibu asilimia 67.

Kuna jambo ambalo watu wa Bara tunalisahau. Siku nne kabla ya kura hiyo ya Kenya, tarehe 31 Julai 2010, Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, na zaidi ya asilimia 66 wakasema ndiyo. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikabadilishwa kufuatana na hilo, na ikawekwa sharti kwamba baadhi ya vifungu vyake havitaguswa bila kura ya wananchi. Kwa hiyo anayesema kura ya maoni ya katiba haijawahi kupigwa ndani ya Tanzania amekosea. Haijawahi kupigwa kwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano.

Sasa geuza upande wa pili wa shilingi, maana kuna hasara katika ushauri uliopewa ambayo hukuiona. Ile Katiba unayoambiwa uitupe ndiyo inayokulinda barazani. Ibara ya 13(6)(a) inakupa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Ibara ya 24 inakupa haki ya kumiliki mali na kulindiwa mali yako kwa mujibu wa sheria. Hata hizo kodi alizozitaja, ibara ya 138 inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ndiyo silaha ya mwananchi anayedaiwa ushuru wa kubuni barabarani. Ukisema Katiba ni batili umezitupa zote, na ndugu wa baba wamebaki na nguvu ya wingi wao.

Tena haki hizo hazikuwamo kwenye maandishi yaliyopitishwa Aprili 1977. Ziliingia kwa mabadiliko ya tano mwaka 1984, baada ya mjadala wa nchi nzima ulioanzia 1983, na bado serikali ikajipa muda hadi 1988 kabla ya kuruhusu watu kuzidai mahakamani. Vyama vingi vikaja 1992, baada ya Tume ya Jaji Nyalali, ambayo ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi. (Hapo utamwuliza kaka yako: kama wingi wa kauli ndiyo kipimo pekee, angetaka tume ile ingefanya nini?) Katiba imefanyiwa mabadiliko 14 hadi sasa, la mwisho mwaka 2005. Unayoishika leo imetoka mbali na ile ya Sheikh Thabit Kombo, ingawa mifupa ni ile ile.

Nisikufiche kwamba hoja ya ridhaa ina uzito. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Maneno matamu, ila yamo katika sehemu ya Katiba ambayo ibara ya 7(2) inasema haiwezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Na ibara ya 98, inayoeleza jinsi ya kubadili Katiba, haina mahali pa mwananchi: theluthi mbili ya wabunge wote inatosha, na kwa mambo mazito kama kuwapo kwa Muungano wenyewe, theluthi mbili ya wabunge wa kutoka Bara na theluthi mbili ya wale wa kutoka Zanzibar. Mtu anayesema tunastahili kuulizwa ana haki ya kusema hivyo, na mimi ni mmoja wao.

Ndilo lililojaribiwa kuanzia 2011 kwa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba. Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi, pengine hata kwenu ilifika, ikatoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili mwishoni mwa mwaka huo, zikipendekeza serikali tatu. Februari 2014 Bunge Maalum likakaa Dodoma: wabunge, wawakilishi wa Zanzibar, na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali. Aprili wapinzani waliojiita UKAWA wakatoka nje wakisema rasimu ya wananchi inachakachuliwa. Waliobaki wakaendelea, wakarudisha serikali mbili, na tarehe 8 Oktoba 2014 Katiba Inayopendekezwa ikakabidhiwa. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na hiyo Katiba Inayopendekezwa haijafika kwenye sanduku la kura.

Njia zinazotajwa za kutoka hapo tulipokwama ni kama tatu: kuipigia kura Katiba Inayopendekezwa kama ilivyo, kurudi kwenye rasimu ya Warioba na kuanza upya kutoka hapo, au kufanya marekebisho madogo kupitia ibara ya 98. Ya kwanza ni ya haraka, lakini kura ya "ndiyo" au "hapana" juu ya maandishi ambayo upande mmoja wa meza uliyasusia ni ridhaa nyepesi. Ya tatu ni rahisi, ila inabaki mikononi mwa wabunge. Mimi naelemea ya pili, pamoja na gharama zake, kwa sababu naona kinachotupa ridhaa ni nani anashika kalamu na nani anasikilizwa kabla ya wino kukauka. Sanduku la kura mwishoni linathibitisha tu. Wenzangu kadhaa wanaona kinyume, na hoja zao si za kupuuzwa. Jambo hili utalipigania kwenye mikutano, kwenye vyama, kwa mbunge wako. Barazani halina nafasi.

Turudi kwenye samansi. Mimi nimekueleza historia na misingi. Kesi yako inataka mtu anayeiona ana kwa ana. Tafuta wakili, na kama mfuko hauruhusu, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au asasi za msaada wa kisheria zilizosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Wasaidizi wao wapo wilaya nyingi na huduma yao ni bure. Nenda na samansi na nakala ya madai uliyopewa, cheti cha kifo cha baba, barua au hati yoyote ya shamba, na majina ya majirani wanaolijua tangu enzi za marehemu. Swali la kwanza watakalokuuliza, na wewe waulize hao walioshtaki, ni kama yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kesi nyingi za mashamba ya marehemu hukwama hapo: ndugu wanashtakiana juu ya mali ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepewa mamlaka ya kuisimamia. Kama hajateuliwa mtu, huenda inabidi kuanzia mahakama ya mwanzo kwanza, na hilo wakili anapaswa kulijua kabla ya siku ya kesi, sio asubuhi yake.